Neno la Mtoto Mbele ya Mganga na Hakimu

Katika mwaka wa 1857 kilitoka mjini Paris kitabu cha Ambroise Tardieu, mganga aliyezoea kuitwa na mahakama za Ufaransa kuwatazama watu waliodhulumiwa na kutoa ushahidi wa kitaalamu. Kitabu kilihusu makosa yatendwayo dhidi ya staha ya mwili, na wasomaji wake walikuwa waganga na mahakimu. Tardieu hakuwa mtu wa kuandika kwa hasira. Alihesabu, akapima, akaeleza alama zionekanazo na zile zisizoonekana, akaongeza mambo kila kitabu kilipopigwa chapa upya. Hesabu iliyotolewa katika chapa ya baadaye ilikuwa nzito: kati ya mwaka wa 1858 na mwaka wa 1869 walishtakiwa katika Ufaransa watu zaidi ya 11,000 kwa kubaka au kujaribu kubaka, na zaidi ya 9,000 kati yao walidaiwa kuwatenda hivyo watoto. Tena Tardieu alisema jambo ambalo wengi hawakupenda kulisikia, kwamba udugu wa damu haumlindi mtoto siku zote, bali mara nyingi humrahisishia kazi mdhalimu, kwa kuwa baba na kaka wanaishi naye chini ya paa moja.

Mtu asomaye leo angedhani kwamba baada ya ushahidi wa namna hiyo zingefuata nyumba za tiba, sheria mpya na mafunzo ya waganga. Hayakufuata. Yaliyofuata ni kinyume chake. Katika mwaka wa 1880 Alfred Fournier, mganga mwenye sifa kubwa, alisimama mbele ya Chuo cha Uganga cha Paris akatoa hotuba juu ya watoto wasemao uongo katika mambo haya, hasa watoto wa maskini wafundishwao na wazazi wao kumsingizia mtu mwenye heshima ili atoe fedha. Miaka mitatu baadaye Paul Brouardel, aliyeshika kiti cha Tardieu cha uganga wa kisheria, aliandika juu ya makosa wayafanyayo waganga katika kutoa ushahidi wa kesi kama hizi, naye akamtilia mtoto shaka kubwa. Hapana budi kusema kwamba hawa hawakuwa watu wabaya. Kusingiziwa kupo, na mganga mwangalifu hana budi kulifikiri. Lakini tofauti ya cheo kati ya mshtaki na mshtakiwa ilipewa uzito kuliko hesabu za Tardieu, na mtoto wa mfanyakazi akawa wa kutuhumiwa kabla hajafungua kinywa.

Jambo hili ndilo kiini cha historia yote ya huduma kwa watoto waliodhulumiwa kimwili kwa tamaa ya watu wazima. Dawa hupatikana, majengo hujengwa, sheria hutungwa, lakini hakuna lianzalo kabla ya mtu mzima kukubali kwamba asemalo mtoto yumkini ni kweli. Kukubali huko kulipatikana, kukapotea, kukapatikana tena zaidi ya mara moja katika muda wa miaka mia moja na ishirini.

Katika majira ya baridi ya mwaka wa 1885 kijana mmoja kutoka Vienna alikwenda Paris kusoma, naye alihudhuria mafundisho ya Brouardel katika nyumba ya maiti. Kijana huyo alikuwa Sigmund Freud. Tarehe 21 Aprili 1896 alisoma mbele ya waganga wenzake wa Vienna hotuba iliyotokana na wagonjwa wake 18, wanawake kwa wanaume, akadai kwamba chanzo cha maradhi yao ya nafsi ni udhalimu waliotendewa utotoni. Aliyeongoza mkutano, Richard von Krafft-Ebing, aliyasikiliza hayo kama mtu asikilizaye ngano, na Freud mwenyewe aliandika kwa uchungu habari ya mapokezi hayo kwa rafiki yake Wilhelm Fliess. Mwaka uliofuata, katika barua ya tarehe 21 Septemba 1897, alimwambia rafiki huyo huyo kwamba haiamini tena nadharia yake. Tangu hapo mafundisho yake yaliegemea zaidi ndoto na matamanio ya mtoto kuliko matendo ya mkubwa. Wataalamu wamebishana sana kwa nini aligeuka: wengine husema alitishwa na upweke, wengine kwamba aliona ushahidi wake dhaifu, maana aliwashurutisha wagonjwa wake wakubali aliyokwisha kuyaamini. Ubishi huo hauna haja ya kukatwa hapa. Lililo wazi ni kwamba wanafunzi wake wengi, kwa miaka hamsini na zaidi, walipomsikia mwanamke akisimulia alivyotendwa na baba yake, walifunzwa kuuliza alitamani nini kabla ya kuuliza alifanywa nini. Sándor Ferenczi wa Budapest alipojaribu kuyarudisha mafundisho ya kwanza, katika mkutano wa Wiesbaden mwezi wa Septemba 1932, wenzake walimsihi asisome hotuba yake. Aliisoma. Alikufa mwaka uliofuata, na hotuba ile haikutoka kwa Kiingereza mpaka mwaka wa 1949.

Uingereza ilifuata njia nyingine, njia ya magazeti na Bunge. Mwezi wa Julai 1885 mhariri W. T. Stead alichapa katika Pall Mall Gazette mfululizo wa makala juu ya biashara ya wasichana wadogo mjini London. Watu waligombania gazeti mabarabarani. Kabla ya mwaka kwisha Bunge lilipitisha sheria iliyopandisha umri wa ridhaa kutoka miaka 13 hadi 16. Sifa hii ni ya Stead na ya akina mama kama Josephine Butler, waliopigana vita hivyo miaka mingi kabla yake. Lakini ili kuthibitisha maneno yake Stead alikuwa amemnunua msichana wa miaka 13 kwa mama yake, akampeleka akakaguliwe na mkunga, kisha akamsafirisha Ufaransa, na baba wa mtoto hakuombwa ruhusa. Mahakama ilimfunga Stead miezi mitatu. Hukumu hiyo imelalamikiwa na wafuasi wake hata leo, lakini mtu akiitazama kwa upande wa yule mtoto, aliyekaguliwa mwili na mtu asiyemjua ili gazeti lipate ushahidi, haoni kwamba mahakama ilikosa sana.

Vyama vya kuzuia ukatili kwa watoto navyo vilizaliwa katika miaka hiyo: New York katika 1875, Liverpool katika 1883, London katika 1884. Vilishughulika zaidi na kipigo na njaa. Kosa la maharimu kuingiliana halikuwa jinai katika mahakama za kawaida za Uingereza mpaka sheria ya mwaka wa 1908, kwa kuwa kabla ya hapo liliachiwa mahakama za kanisa, na mahakama hizo zilikuwa zimekwisha kupoteza nguvu.

Kipindi kilichofuata kina kisa kimoja kinachostahili kuelezwa kirefu kuliko vita vya sheria. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa wadudu wa kisonono walikuwa wamekwisha kujulikana, na mganga aliweza kuwaona kwa hadubini. Mara hospitali za Marekani zikagundua kwamba wasichana wadogo, wengine wa miaka mitatu au minne, walikuwa na ugonjwa huo, tena si wachache. Kwa mtu mzima waganga walijua vema ugonjwa huambukizwa kwa njia gani. Kwa mtoto wa maskini au wa mhamiaji walikuwa tayari, mara nyingine, kukiri njia hiyo hiyo. Lakini ugonjwa ulipoonekana katika nyumba za watu wenye heshima, maelezo yalibadilika: ikasemwa kwamba ni shuka, ni taulo, ni kipimajoto, ni kiti cha choo cha shule. Shule ziliagiza viti vya choo vyenye umbo la pekee. Wauguzi walifundishwa kutenga nguo. Yalikuwamo maambukizo ya wodini yaliyoletwa kweli na uchafu wa vyombo, na hili lilitia nguvu maelezo yale. Lakini baba hakuulizwa, wala mjomba, wala mpangaji wa chumba cha nyuma. Pindi penisilini ilipopatikana katika miaka ya 1940 mtoto alitibiwa kwa siku chache, na kwa kuwa alitibiwa upesi, swali la ugonjwa ulitoka wapi likafifia zaidi. Hapa dawa ilikuwapo na maarifa yalikuwapo, na mtoto alirudishwa nyumbani kwa aliyemwambukiza.

Mlango ulifunguliwa kwa upande usiotazamiwa. Wataalamu wa eksirei walianza kuona katika mifupa ya watoto wachanga mivunjiko ya umri mbalimbali ambayo wazazi hawakuweza kuieleza. John Caffey aliandika juu yake katika 1946. Katika mwaka wa 1962 C. Henry Kempe, mganga wa watoto huko Denver aliyezaliwa Breslau na kuikimbia Ujerumani ya Hitler, alitoa pamoja na wenzake makala yaliyoliita jambo hili kwa jina: mtoto aliyepigwa na walezi wake. Jina lilifanya kazi ambayo hesabu za Tardieu hazikuweza kuifanya. Katika muda wa miaka mitano hivi majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria za kumtaka mganga atoe taarifa amshukupo mzazi. Katika 1974 ikaja sheria ya nchi nzima, nayo ilitaja udhalimu wa kimwili wa tamaa pamoja na kipigo.

Hata hivyo waganga walichelewa. Waliotangulia ni wanawake. Mwezi wa Aprili 1971, katika mkutano wa wanawake juu ya ubakaji mjini New York, mfanyakazi wa ustawi wa jamii aitwaye Florence Rush alisimama akaeleza aliyoyaona kazini na yaliyompata mwenyewe utotoni. Mwaka huo huo huko Santa Clara, California, Henry Giarretto alianza kuwatibu watoto, mama zao na mara nyingine baba waliotenda kosa, katika mpango mmoja uliofungamana na mahakama. Katika 1974 Ann Burgess na Lynda Holmstrom walitoa matokeo ya kazi yao katika hospitali ya jiji la Boston, ambako walikuwa wakiitwa usiku na mchana kukutana na waliobakwa. Kempe mwenyewe alikuja kuutaja udhalimu huu waziwazi katika hotuba ya mwaka wa 1977, iliyochapwa mwaka uliofuata, akauita tatizo jingine lililofichika katika uganga wa watoto. Katika 1983 Roland Summit alieleza kwa nini mtoto hukaa kimya muda mrefu, husimulia kwa kusitasita, kisha pengine huikana kauli yake: siri aliyotwikwa, unyonge wake, na kujizoesha kwake mahali asipoweza kutoka. Mambo yale yale ambayo Brouardel aliyahesabu kuwa dalili za uongo, Summit aliyaona kuwa njia ya kawaida ya mtoto aliyekandamizwa.

Hapo ndipo huduma zilipoanza kwa wingi, na hapo ndipo kosa la pili lilipozaliwa. Watu waliokwisha kuona aibu ya kutomwamini mtoto walianza kumwamini hata kabla hajasema. Huko Manhattan Beach, California, tuhuma zilizoanza mwaka wa 1983 juu ya shule moja ya watoto wadogo zilisababisha mamia ya watoto kuhojiwa. Wahoji walirudia maswali, walisifu jibu lililotakiwa, walimwonyesha mtoto kwamba wenzake wamekwisha kusema. Kesi ilikokota mpaka 1990, wala hakuna aliyetiwa hatiani. Uingereza nayo ilipata msiba wake katika Cleveland mwaka wa 1987: kwa muda wa miezi michache waganga wawili wa watoto walipima watoto 121 na kusema wamedhulumiwa, wakitegemea kwa sehemu kubwa alama moja ya mwili ambayo haikuwa imethibitishwa vya kutosha. Watoto waliondolewa majumbani, wengine usiku. Jaji Elizabeth Butler-Sloss alichunguza, akatoa ripoti mwaka wa 1988. Wengi wa watoto walikuwa wamerudishwa kwao. Ripoti haikusema kwamba udhalimu haupo. Ilisema upo, na kwamba wakubwa waliokuwa wakimwokoa mtoto walikuwa wamemsahau mtoto mwenyewe, wakimfanya kuwa kitu cha kuchunguzwa, akipimwa na kuhojiwa tena na tena.

Msiba huo ulizaa elimu iliyo bora. Stephen Ceci na Maggie Bruck walikusanya majaribio mengi wakaonyesha jinsi mtoto mdogo anavyoweza kuongozwa na swali. Michael Lamb na wenzake, wakifanya kazi Marekani, Israeli na Uingereza, walitunga utaratibu wa mahojiano uliotangazwa katika mwaka wa 2000. Siri yake ni nyepesi kuieleza na ngumu kuitenda. Mhoji aseme, "Nieleze yote yaliyotokea, tangu mwanzo mpaka mwisho," kisha anyamaze. Asiseme, "Je, alikushika hapa?" Kwanza azungumze na mtoto juu ya jambo la kawaida, kama sikukuu au mchezo, ili mtoto azoee kusimulia kwa maneno yake mwenyewe. Amwambie kwamba anaruhusiwa kusema "sijui". Aliyewahi kukaa na mtoto wa miaka sita aliyenyamaza kwa dakika tatu anajua ugumu wa kungoja.

Wakati huo huo palitokea wazo la nyumba. Huko Huntsville, Alabama, mwendesha mashtaka Bud Cramer aliona kwamba mtoto alilazimika kusimulia habari yake kwa askari, kwa mfanyakazi wa ustawi, kwa mganga, kwa wakili, kisha mahakamani, kila mmoja katika ofisi yake, kila mmoja kwa maswali yake. Katika 1985 ilifunguliwa huko nyumba moja ambamo hao wote walimfuata mtoto badala ya mtoto kuwafuata wao. Leo nyumba za mfano huo katika Marekani zimepita 900. Mwaka wa 1998 Bragi Guðbrandsson, aliyesimamia ulinzi wa watoto katika Aisilandi, aliuchukua mfano huo na kuukamilisha mjini Reykjavik. Nyumba yake, iitwayo Barnahus, maana yake nyumba ya watoto, iliwekwa katika mtaa wa watu wa kawaida. Mtoto huhojiwa humo na mtaalamu mmoja. Hakimu, mwendesha mashtaka, wakili wa mshtakiwa na askari huketi chumba kingine wakitazama katika kioo cha televisheni, nao hupitisha maswali yao kwa mhoji. Mazungumzo hurekodiwa, na mtoto huepushwa na kupanda kizimbani. Chumba cha kupimwa mwili kimo nyumba hiyo hiyo, na tiba ya nafsi pia. Uswidi ilifuata mwaka wa 2005, Norwe mwaka wa 2007, Denmaki mwaka wa 2013. Kilichowavuta majirani hao, zaidi ya wema wa jambo lenyewe, ni kwamba haki ya mshtakiwa haikupotea: wakili wake yupo na maswali yake huulizwa. Cleveland ilikuwa imewafundisha.

Tiba nayo ilikua. Judith Cohen, Anthony Mannarino na Esther Deblinger walitunga katika miaka ya 1980 na 1990 tiba ya muda mfupi, ya vikao vichache visivyofika mwaka, ambamo mtoto hujifunza kwanza kutuliza mwili, kisha kutaja hisia zake, kisha kidogo kidogo kusimulia yaliyompata mpaka simulizi lipoteze makali yake. Mzazi asiyehusika na kosa hufundishwa kando, kisha huletwa kusikiliza. Katika jaribio lililotangazwa mwaka wa 2004, lenye watoto 229, tiba hiyo ilipita tiba ya kawaida ya mazungumzo. Na hapa habari inafika Afrika ya Mashariki, kwa njia ya mzunguko kidogo. Tiba hiyo hiyo ilijaribiwa Moshi na Bungoma kwa watoto 640 waliofiwa na wazazi, nayo ilitolewa na watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa, wala si waganga wa nafsi. Matokeo yaliyochapwa mwaka wa 2020 yalionyesha faida katika Bungoma, mjini na mashambani, na katika mashamba ya Moshi, ingawa katika mji wa Moshi tofauti haikuonekana. Kwa nchi zenye waganga wa nafsi wachache mno, hilo ni jambo la maana, hata kama watoto wale walitibiwa kwa msiba wa kufiwa, wala si kwa udhalimu ambao tiba ilitungwa kwa ajili yake.

Kuzuia kumepata mafanikio machache kuliko kutibu. Mafunzo ya shuleni ya kumfundisha mtoto kukataa na kusema yalienea Marekani tangu mwisho wa miaka ya 1970, na majaribio mengi yameonyesha kwamba mtoto huyakumbuka mafunzo na huongezeka ujasiri wa kusema. Kwamba udhalimu wenyewe hupungua kwa ajili yake, haijathibitishwa. Walio wepesi wa kulaumu wamesema kwamba ni kumtwika mtoto mzigo wa mkubwa, na lawama hiyo ina ukweli. Ndiyo maana wengine waligeukia wakubwa: Fran Henry alianzisha katika 1992 shirika la kuwaita watu wajichunguze na kuomba msaada kabla ya kosa, na hospitali ya Charité mjini Berlin ilifungua mwaka wa 2005 mlango wa tiba ya siri kwa wenye mvuto huo ambao mkono wa sheria haujawafikia. Jambo hili huchukiza wengi kwa mara ya kwanza kulisikia. Lakini mtoto anayeepushwa na udhalimu kabla haujatokea hana haja ya kumwambia mtu lolote.

Tanzania ilitunga sheria ya makosa ya kujamiiana mwaka wa 1998. Iliongeza adhabu, ikapandisha umri wa ridhaa kufika miaka 18, ila ikamtoa katika ulinzi huo msichana wa miaka 15 aliyekwisha kuolewa, jambo ambalo halikupatana na roho ya sheria yenyewe. Kwa habari ya neno la mtoto ilifanya mageuzi makubwa: hakimu aliruhusiwa kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake katika makosa haya, akiridhika kwamba mtoto anasema kweli na akiandika sababu zake. Kabla ya hapo ushahidi wa mtoto asiyeapa ulihitaji kuungwa mkono na mwingine, na katika kosa litendwalo gizani, ushahidi mwingine huwa haba. Hata hivyo mtoto alipaswa bado kudadisiwa na hakimu kama anajua maana ya kiapo na wajibu wa kusema kweli, na kesi si chache ziliangushwa katika rufani kwa kuwa udadisi huo haukuandikwa ipasavyo. Mwaka wa 2016 sheria ilibadilishwa tena: yatosha mtoto aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Kenya ilipata sheria yake mwaka wa 2006, kwa muswada ulioletwa Bungeni na Njoki Ndung'u, akiwa mbunge wa kuteuliwa.

Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanywa Tanzania mwaka wa 2009 na kutangazwa 2011 ulileta hesabu ambazo Tardieu angezitambua. Karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walikuwa wamepatwa na udhalimu wa namna hii kabla ya kutimiza miaka 18. Kiasi cha nusu ya wasichana hao walikuwa wamemwambia mtu. Wavulana waliosema walikuwa theluthi moja tu. Waliotafuta huduma yoyote walikuwa wachache zaidi. Kwa mvulana aibu ni ya namna mbili, ya kutendwa na ya kutendwa akiwa mwanamume, na huduma nyingi zilizojengwa kwa kumfikiri msichana zimechelewa kumwona.

Mwaka wa 2011 Zanzibar ilifungua katika hospitali ya Mnazi Mmoja kituo kilichopewa jina la Mkono kwa Mkono, na vituo vya namna hiyo vikaenea baadaye Bara. Jina ni zuri, na maana yake ni ile ile ya Huntsville: mganga, askari, mfanyakazi wa ustawi na mshauri wamo mahali pamoja. Anayejua njia ya zamani ataona faida mara moja. Mzazi alikuwa akimpeleka mtoto hospitali, akaambiwa alete kwanza fomu ya polisi, PF3. Akaenda kituoni, akangoja. Akarudi hospitali jioni, mganga hayupo. Dawa za kuzuia maambukizo ya virusi vya UKIMWI hazina budi kuanzwa kabla saa 72 hazijapita. Saa hizo ziliishia barabarani.

Limebaki jambo la lugha. Mtoto wa Kiswahili hulelewa katika tasfida. Sehemu za siri hazitajwi mbele ya mkubwa, na anayezitaja hukemewa kwa utovu wa adabu. Mtoto huyo huyo, siku ya msiba, hutakiwa kusimama mbele ya watu wazima asiowajua na kutaja waziwazi alilokatazwa tangu kuzaliwa. Husema, "Alinifanyia tabia mbaya." Husema, "Alinifanyia matusi." Wakili wa utetezi ana haki ya kuuliza kama tabia mbaya ni tusi la mdomo au ni kofi, na kwa muda mrefu swali hilo lilikuwa na nguvu, kwa kuwa kosa la kubaka halithibitishwi bila kuingiliwa. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufaa ya Kenya, ikiketi Mombasa, ilieleza kwamba mtoto kwa haya na uchungu wake aghalabu hutumia maneno ya namna hiyo, na kwamba mahakama za nchi zimezoea kuyapokea kwa maana yake. Mahakama ya Rufani ya Tanzania nayo imepita njia hiyo, ikitazama umri wa mtoto, mila za watu na ushahidi mwingine uliopo. Kupokea huko si kwa upofu: neno hupimwa pamoja na yaliyolizunguka, na pale yasipoliunga mkono, mshtakiwa huachiwa.

Mpaka mabadiliko ya mwaka wa 2021, yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote za Tanzania, mtoto alisema kwa Kiswahili, na hakimu wa wilaya akaandika kwa mkono wake kwa Kiingereza. Majaji wa rufani hawakumwona mtoto wala kumsikia. Waliyasoma maandishi tu. Na mara nyingine katika kurasa hizo mistari ya Kiingereza ilikatika katikati, yakawamo maneno mawili ya mtoto kama alivyoyatamka, tabia mbaya, bila kufasiriwa.